Kuingiza faili kubwa la XML katika PostgreSQL kwa Ruby: REXML, Nokogiri au SAX?

MpangaMakala:
Ndugu wanajukwaa, nimepakua nakala ya makala zote za Wikipedia ya Kiswahili, ambayo hutolewa kama faili moja la XML lililobanwa, na ninataka kila makala iwe na safu yake ya mlalo katika jedwali la hifadhidata ya PostgreSQL. Nilianza na REXML, maktaba ya Ruby ya kusoma XML, kwa kuwa nimeizoea, lakini programu ilimaliza kumbukumbu yote ya kompyuta kabla haijaingiza hata makala moja. Je, nihamie Nokogiri, maktaba nyingine ya kazi hiyo, au nisome kwa SAX, yaani njia ya kupitia faili hatua kwa hatua na kupewa taarifa kila lebo au maandishi yanapokutwa?

FundiJedwali:
Kilichokukwamisha ni kuujenga mti mzima wa waraka kabla ya kazi kuanza. REXML nayo ina njia ya kusoma kwa mkondo. Nokogiri ina kasi zaidi kwa sababu inategemea libxml2 iliyoandikwa kwa C, ila ukiipa faili lote kwa mkupuo, kumbukumbu itakuelemea vilevile. Mimi ningechagua Nokogiri::XML::Reader, ambayo husonga nodi baada ya nodi: ukifika kwenye page (lebo inayobeba ukurasa mmoja), unachukua outer_xml yake, yaani XML ya lebo hiyo na vilivyomo ndani yake, unaichanganua peke yake, kisha unaiacha. Ipe File.open, usiipe matini yote. Halafu ita remove_namespaces! kwenye kila kipande, maana faili la MediaWiki (programu inayoendesha Wikipedia) hutangaza nafasi-jina (namespace, kitambulisho cha kundi la lebo), na usipofanya hivyo xpath ya kawaida, yaani anwani ya kutafutia lebo, hurudisha orodha tupu bila onyo lolote.

BintiRuby:
Naunga mkono Reader. SAX hutumia kumbukumbu kidogo sana, lakini inakutaka ukumbuke mwenyewe uko ndani ya lebo gani, na katika faili hili lebo ya id hutokea ndani ya page, ndani ya revision (toleo la makala) na tena ndani ya contributor (mhariri). Mimi niliwahi kuhifadhi namba za wahariri mahali pa namba za makala, nikagundua baada ya siku mbili. Isitoshe, characters, mbinu ambayo SAX huiita inapokuta maandishi, inaweza kuitwa mara kadhaa kwa maandishi ya lebo moja, kwa hiyo asiyeunganisha vipande hupoteza sehemu ya makala.

MleziWaSeva:
Upande wa hifadhidata, usiingize safu mojamoja. Ukitumia Rails (mfumo wa Ruby wa kujenga programu za wavuti) toleo la 6 na kuendelea, insert_all kwa mafungu ya safu 1,000 inatosha, mradi ukumbuke kwamba inaruka uhakiki wa modeli, hivyo masharti yawekwe kwenye jedwali lenyewe. COPY, amri ya PostgreSQL ya kuingiza data kwa wingi, kupitia copy_data ya maktaba ya pg ina kasi zaidi, lakini kwa kawaida safu moja mbovu huvunja amri yote. Kwa hiyo mimi humimina kwanza katika jedwali la muda, kisha nahamisha kwa INSERT yenye ON CONFLICT (sehemu inayosema la kufanya safu ikiwa tayari ipo), na kazi ikikatika naweza kuirudia bila kuzalisha nakala mbili.

MpangaMakala:
Nashukuruni sana. Reader pamoja na jedwali la muda vimefanya kazi, na kumbukumbu haipandi tena. Ilinibidi tu nikague node_type (aina ya nodi), kwa kuwa Reader husimama pia kwenye lebo ya kufunga, na niondoe kurasa ambazo ns yake (namba ya aina ya ukurasa) si 0, yaani zisizo makala, pamoja na zile zenye redirect, zinazoelekeza tu kwenye ukurasa mwingine.