Nibadilishe Hilux yangu kwa Tundra kwa ajili ya mavuno ya zabibu? Naomba ushauri kabla sijatoa fedha

Mkulima wa Hombolo

Ndugu wanajamvi, mbukwenyi. Ninalima zabibu ekari 4 upande wa Hombolo, na kwa miaka 6 sasa gari langu la kazi ni Toyota Hilux ya kabini mbili, ile tunayoiita Vigo, yenye injini ya dizeli ya lita 3.0. Ndilo linalobeba samadi, dawa, vibarua na mazao, na siku ya Jumapili ndilo linalotupeleka kanisani mimi, mke wangu na watoto.

Shida yangu ni msimu wa mavuno. Zabibu za Dodoma huvunwa mara 2 kwa mwaka, na zikishaiva hazimsubiri mtu. Siku ya kuvuna hutoa kreti 110 hadi 120, kila moja ikiwa na kilo 20 hivi. Hilux huipakia kreti 40, kwa hiyo ninalazimika kwenda safari 3, kilometa 42 kwenda kwa mnunuzi na nyingine 42 kurudi. Safari ya kwanza huondoka saa 12 asubuhi zabibu zikiwa bado na ubaridi wa usiku, lakini ya tatu hunikuta saa 9 alasiri jua limeshachoma, na hapo ndipo hasara inapoanzia.

Machi iliyopita, nikiwa na safari ya pili, nilipokuwa napanda kutoka korongoni karibu na shamba nilisikia mlio kama wa mti mkavu unaovunjika. Bamba kuu la springi ya nyuma, upande wa kushoto, lilikuwa limekatika na bodi ilikuwa imelalia tairi. Tulikaa pale hadi jioni. Nilipofungua mlango wa bodi, maji ya zabibu za kreti za chini yalikuwa yakichuruzika hadi kwenye bampa, na nyuki walikuwa wameshatanda. Mnunuzi alikataa kreti 17.

Sasa amejitokeza mtu anayehama nchi, anauza Toyota Tundra ya mwaka 2012, yenye injini ya petroli ya V8 ya lita 5.7 na kabini mbili kubwa, ambayo tayari imesajiliwa hapa nchini. Yuko tayari kuichukua Hilux yangu nami nimwongezee shilingi milioni 28. Nimeiona, ni gari pana, refu, la kutisha, na ukisimama kando yake Hilux inaonekana kama mtoto wake. Ninachotaka kujua ni hiki: je, gari hili litanipunguzia safari kutoka 3 hadi 2, au hata 1? Na je, mafuta, spea na barabara zetu vitaniruhusu kuliweka? Fedha ninayo, lakini ni ya miaka 3 ya jasho, wala sitaki kuitupa.

Fundi wa Chang'ombe

Ndugu Mkulima, pole sana kwa yaliyokupata korongoni. Kabla hujatoa hata shilingi moja, nakuomba urudi kwa huyo muuzaji, ufungue mlango wa dereva na uangalie kwenye nguzo ya mlango, pale kufuli linapoingia. Utakuta karatasi ndogo iliyobandikwa, ambayo kwenye magari yaliyotengenezwa kwa soko la Marekani hutaja kwa kilo na kwa ratili uzito wa watu na mizigo kwa pamoja ambao gari halipaswi kuuzidi. Soma namba ya kilo na uiandike. Muuzaji anaweza kukueleza mengi, lakini namba hiyo ndiyo iliyowekwa na kiwanda kwa gari hilo hilo, pamoja na vifaa lililotoka navyo.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu watu wengi huona ukubwa wa umbo na kudhani kwamba ubebaji nao umekua kwa kiasi hicho hicho, wakati sivyo. Tundra ya kabini kubwa ya aina hiyo ina urefu wa meta 5.8 hivi, lakini sehemu kubwa ya urefu huo imekwenda kwenye boneti na kwenye viti vya nyuma. Bodi yake ina urefu wa karibu meta 1.7 tu, na ya Hilux yako ni karibu meta 1.5. Upana ndio utakaoupata, kwa maana nafasi kati ya matao ya matairi inazidi ya Hilux kwa kiasi cha kuonekana. Springi zake, hata hivyo, zimelainishwa ili familia isafiri kwa starehe kwenye lami, na kabini yenyewe ni nzito, kwa hiyo kinachobaki kwa ajili ya mzigo mara nyingi ni pungufu ya tani moja kwa mbali. Hilux imetengenezwa kwa ajili ya nchi kama zetu, springi zake za nyuma ni ngumu tangu kiwandani, ndiyo maana ikiwa tupu inakurusha barabarani kama punda aliyekasirika.

Niseme na jambo lisilopendeza. Kreti 40 za kilo 20 ni kilo 800, bado hujahesabu uzito wa kreti zenyewe, wewe dereva na vibarua wawili au watatu waliokaa ndani. Kwa hesabu hiyo unaigusa tani moja au kuipita, na Vigo ya kabini mbili haikukusudiwa kupita hapo, hasa kwenye njia ya korongo. Springi ilikuwa imechoshwa kwa misimu mingi, siku ile ikafika mwisho wake. Kama ulibadilisha bamba moja tu na kuyaacha mengine ya zamani, lete gari tuliangalie kabla ya mavuno ya Agosti, kwa sababu bamba jipya likikaa katikati ya yaliyochoka hubeba mzigo peke yake na litakatika mapema.

Kuhusu injini sina neno baya. Hiyo ya lita 5.7 ni imara, inatumia cheni badala ya mkanda, na ndiyo inayopatikana pia kwenye Lexus LX 570, hivyo vifaa vyake vya ndani hupatikana Dar es Salaam. Tatizo huja kwenye taa, vioo, milango na bampa, kwa kuwa Tundra hazikuletwa huku kwa wingi. Ukivunja taa ya mbele ya Hilux, jioni hiyo hiyo unaweza kupata nyingine hapa mjini, ila ya Tundra utaiagiza nje na kusubiri.

Mfugaji wa Kongwa

Naomba nitoe neno la upande wa pili, maana ninayo Tundra ya V8 na sijutii kuinunua. Fundi amesema kweli kuhusu bodi, ila nguvu ya gari hili iko kwenye ndoano ya nyuma. Linavuta zaidi ya tani 4, wakati Hilux za umri wa hiyo yako huishia kwenye tani 2.5 hivi. Mimi huvuta tela la mbuzi na la majani ya mifugo, na ninapopanda mlima sisikii injini ikilalamika. Ukinunua tela la matairi 4 lenye breki zake, lililosajiliwa kwa namba yake, unaweza kubeba kreti zako zote 120 kwa safari moja.

Hata hivyo nitakuwa sijakutendea haki nisipokueleza mambo mawili. Kwanza ni mafuta: nikiwa sina tela napata kilometa 6 kwa lita, nami huendesha kwa utulivu, nikiwa na tela hushuka hadi 4. Pili ni usukani. Tundra hutengenezwa na usukani upande wa kushoto, na sisi tunaendesha kushoto. Ukiwa nyuma ya lori la mizigo katika barabara ya Morogoro unakaa upande wa ukingoni, huoni kinachokuja mbele mpaka uwe umeshatoa nusu ya gari katika njia ya wenzako. Mimi sijaribu kupita bila mtu wa kunitazamia upande wa kulia, na nikiwa peke yangu huvumilia nyuma ya lori hata kilometa 20. Mke wako akiwa naye huendesha, mfikirie katika hilo.

Mama Zabibu, Mpunguzi

Kaka yangu, nimesoma maelezo yako na nimejiona mimi mwenyewe wa miaka ya nyuma. Nina maswali mawili kwako. Kwa mwaka mzima, ni siku ngapi ambazo Hilux inakushinda kweli? Na siku zilizobaki, gari linabeba nini?

Kwangu mimi, mavuno yote mawili nikiyajumlisha hayazidi siku 18. Nilipoliona hilo niliacha kutafuta gari kubwa la kununua na nikaanza kukodi lori dogo, Canter, kwa siku hizo tu. Mwenye gari hunitoza shilingi 200,000 kwa siku na mafuta ni juu yangu. Siku 18 ni shilingi milioni 3.6 kwa mwaka, kwa hiyo milioni 28 unazotaka kumwongezea huyo bwana zingekulipia Canter kwa zaidi ya miaka 7, huku Hilux yako ikibaki nyumbani. Nawe huwa unapata gari lenye bodi ndefu na tambarare, linalobeba tani 3 bila kuinama, na kreti 120 zinapangika safu 4 kwenda juu bila moja kuilalia nyingine vibaya.

Jambo la zabibu kuchomwa na jua sitaki ulipite haraka. Mimi huvuna kuanzia alfajiri, kreti zikijaa zinakaa chini ya mti, si kwenye bodi, na gari hupakiwa mara moja tu kabla ya saa 4 asubuhi. Turubai hulifunga juu ya vyuma vya bodi ili lisigusane na zabibu, upepo upite katikati. Turubai likilalia kreti moja kwa moja, zabibu hupikwa zikiwa njiani, hata gari liwe jipya kiasi gani. Weka oda ya Canter mapema, kwa maana mwezi wa Agosti wote tunalitafuta gari hilo hilo.

Dereva wa Kizota

Ninaunga mkono hoja ya dada wa Mpunguzi, nami naongeza la barabarani. Chini ya sheria ya Afrika Mashariki ya udhibiti wa uzito wa magari ya mwaka 2016, gari la kuanzia kilo 3,500, likihesabiwa pamoja na mzigo wake, linatakiwa kuingia mizani. Canter yenye mzigo ni lazima iingie, na Tundra ikiwa na tela lililojaa nayo imeshauvuka uzito huo. Ndani ya mashamba ya Hombolo hutasumbuka, lakini siku ukipata mnunuzi wa Dar es Salaam utahitaji dereva mwenye leseni ya daraja linalofaa na anayejua kupanga mzigo juu ya ekseli. Na usisahau korongo lako: Tundra ina meta 3.7 kati ya matairi ya mbele na ya nyuma, Hilux ina meta 3.1 hivi. Pale ambapo Hilux inashuka na kupanda, Tundra inaweza kugusa tumbo katikati.

Mkulima wa Hombolo

Ndugu zangu, nimerudi na majibu, na ninawashukuru kila mmoja wenu kwa muda alioutoa. Juzi nilikwenda kwa muuzaji nikafungua mlango wa dereva kama Fundi alivyonielekeza. Karatasi ilikuwa imefifia pembeni, lakini namba ilisomeka vizuri: kilo 592. Nilikaa kwenye kiti kile na kukokotoa. Mimi na vibarua wawili ni kilo 210, zinabaki kilo 382, ambazo ni kreti 19, hata kabla sijahesabu uzito wa kreti zenyewe. Gari nililodhani lingebeba mara mbili ya Hilux lingebeba, kwa utaratibu wa kiwanda, nusu ya kile ambacho nimekuwa nikiipakia Hilux.

Nilipiga na hesabu ya mafuta. Safari 3 za Hilux ni kilometa 252, nami hupata kilometa 10 kwa lita nikiwa na mzigo, yaani lita 25 za dizeli. Tundra kwa kilometa 6 kwa lita, hata kama ingeweza kumaliza kazi kwa safari 2, ingekunywa lita 28 za petroli. Mfugaji, tela lako nimelifikiria sana, na kama ningekuwa na mifugo ya kuhamisha kila wiki ningefuata njia yako, lakini mimi ningelitumia siku chache kwa mwaka na kulipitisha kwenye korongo lile lile.

Nimemwambia yule bwana kwa heshima kwamba sitaendelea, naye amepata mnunuzi mwingine. Mama Zabibu, nimeshazungumza na mwenye Canter mmoja wa Kizota, na amekubali kuniwekea siku 8 za Agosti, ingawa nitaomba unisaidie kujua kama bei aliyonitajia, shilingi 230,000 kwa siku, ni ya haki. Fundi, nitakuletea Hilux Jumamosi saa 2 asubuhi. Nilibadilisha bamba moja tu, na nilipolala chini kuangalia jana, niliona la pili kutoka juu nalo limeanza kupata ufa karibu na boliti ya katikati.