Naomba ushauri: nisomee fani gani ya jotoardhi Iceland?

Wakuu, heshima kwenu. Mimi ni mjiolojia, niko Mbeya, na nimekubaliwa kwenye mafunzo ya jotoardhi ya miezi 6 kule Reykjavik, yale yale waliyopitia Wakenya wengi wa Olkaria, kwenye vituo vyao vya umeme wa jotoardhi. Kinachonisumbua ni kuchagua fani.

Uchimbaji wa visima naupenda sana. Mwaka 2009, kule Krafla, Iceland, walichimba kilomita 2 na ushei wakakutana na magma yenyewe, yaani mwamba ulioyeyuka! Ila kadiri ninavyosoma, navutwa zaidi na maji ya moto. Karibu nyumba 9 kati ya 10 nchini humo hupata joto kutoka ardhini. Kituo cha Nesjavellir huzalisha umeme megawati 120, na joto linalobaki hupasha moto maji baridi yanayopelekwa mjini Reykjavik kwa bomba la kilomita 27 hivi, tena yanafika yakiwa bado ya moto. Mabomba hayo hayo hulisha mabwawa ya kuogelea, na kwingineko joto hilo hustawisha nyanya ndani ya vitalu nyumba wakati nje ni theluji.

Sisi hatuna haja ya kupasha nyumba kiasi hicho, lakini Songwe kuna chemchemi za moto, na wakulima wetu wanahangaika kukausha kahawa na mahindi msimu wa mvua. Naona hapo ndipo penye faida ya haraka kuliko kusubiri umeme.

Mliosoma kule, fani ya matumizi ya moja kwa moja (kutumia joto lenyewe bila kulifanya umeme) ina ajira huku nyumbani, au waajiri wanataka wachimbaji tu? Na je, ukishafika unaruhusiwa kubadili fani?