Naomba ushauri: maji ya kisima yanaharibu kipimo changu cha dhahabu

Jambo wakubwa zangu. Niko Lubumbashi, natayarisha kazi ya kumaliza masomo: kupima shaba katika maji ya visima kwa chembe za dhahabu za nanomita 13 hivi (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita). Zikitengana, elektroni zake hutikisika pamoja na mwanga wa karibu nanomita 520, maji yanakuwa mekundu; shaba ikizifanya zishikane, yanageuka buluu. Kwa maji yaliyotoneshwa, vizuri kabisa. Lakini maji ya kisima, hata cha mbali na machimbo, yanaleta buluu papo hapo! Nashuku kalsiamu na chumvi ndizo zinazozishikanisha. Nikizimua sampuli, shaba nayo inapungua. Nizivike chembe polima (molekuli ndefu za kuzikinga) kwanza, ama kuna njia nyingine? Spektrometa (mashine ya kupima mwanga kwa kila rangi) sina, natumia kamera ya simu. Nyumbani tunakunywa maji hayo, nisaidieni tafadhali.