Kiungo cha taya baada ya opereshini: CT au MRI?

Mdau 1: Wakuu, dada angu alisogezwa taya la chini mbele mwaka jana, sasa kiungo karibu na sikio kinalia ko ko akitafuna na meno ya mbele yameanza kutokutana, eksirei ya kawaida inatosha kweli?

Mdau 2: Haitoshi mkuu, ile ni picha bapa. Apige CT ya koni (eksirei inayozunguka kichwa na kutoa picha ya 3D), inaonesha mfupa pande zote na mionzi yake kidogo kuliko CT ya kawaida. Abebe na picha za kabla ya opereshini walinganishe, bila hizo ni ngumu kujua kichwa cha taya (ncha ya mfupa inayoingia kwenye kiungo) kimelika kiasi gani.

Mdau 3: Ila kile kisahani laini ndani ya kiungo CT haikioneshi vizuri, hapo MRI (picha ya sumaku). Plati za titani za kushikilia mfupa, kama aliwekewa, kwa kawaida hazina shida kwenye MRI, awaambie tu wapiga picha.

Mdau 2: Sawa, ila meno kutokutana ndo kunanitisha, huenda mfupa unalika, aanze na CT ya mfupa.