Nataka kuacha kazi nijiajiri ufundi wa friji na AC, mkopo wa SACCOS bado haujaisha

FundiBaridi_Dom

Habari zenu wakuu. Niko Dodoma, nimeajiriwa kwenye kampuni inayofunga na kutengeneza AC na majokofu. Mshahara ukishakatwa kila kitu, likiwemo rejesho la mkopo wa SACCOS, unanifikia 410,000. Nina mke na watoto watatu. Mkubwa yuko kidato cha pili, wa mwisho hajaanza shule. Mke wangu ana genge hapa Nkuhungu, anauza nyanya, vitunguu, dagaa na mkaa, na kusema kweli kuanzia tarehe 15 mpaka mshahara utoke genge ndilo linalotulisha.

Jioni na Jumapili nafanya kazi zangu binafsi. Nabadilisha kompresa, najaza gesi, nasafisha AC za nyumbani kwa watu, natengeneza friji za mabucha na za baa. Joto la huku likishika kuanzia Septemba simu haitulii mpaka mvua za Desemba, na mwezi wa aina hiyo kazi zangu zinaniingizia kuliko mshahara. Juni na Julai ni habari nyingine. Baridi ya Dodoma mnaijua, hakuna mtu anayekumbuka AC.

Hali yangu ya fedha ni hii. SACCOS ya kazini nina akiba 1,900,000. Mwaka juzi nilikopa nikaezeka nyumba, limebaki deni la 2,600,000, rejesho 165,000 kwa mwezi linakatwa juu kwa juu. Wadhamini wangu ni wenzangu wawili wa kazini. Mke ana hisa zake kwenye VICOBA ya mtaani, wanavunja Desemba. Mkononi tuna 1,200,000. Vifaa vingi ninavyo, ila vakyumu pampu ninayotumia ni ya kuazima. Nimeona fremu barabarani, 80,000 kwa mwezi, mwenyewe anataka kodi ya miezi sita kwa mpigo.

Rafiki yangu ananishauri nitumie salari slipu ingali hai: niongeze mkopo mpaka mwisho wa kiwango, yaani mara tatu ya akiba, halafu ndiyo niandike barua ya kuacha kazi. Anasema ukishatoka hakuna atakayekukopesha. Mke wangu amekataa kabisa, na toka Jumapili mazungumzo ya nyumbani yamekuwa mafupi. Nataka kuacha kazi mwaka huu, hilo nimeshaamua. Swali langu ni nipange vipi hili deni, akiba na chakula cha watoto ili nisije nikaiangusha nyumba. Tuko mwezi wa nne, muda ninao.

MzeeKamati

Kijana wangu, nimekaa kamati ya mikopo ya SACCOS ya wafanyakazi kwa miaka mingi, kwa hiyo nikujibu upande huo tu.

Fanya hesabu ya wazo la rafiki yako. Akiba 1,900,000 mara tatu ni 5,700,000. Wanalipa kwanza deni la zamani, wewe unaondoka na 3,100,000 mkononi. Siku unatoka kazini makato yanakoma, kwa sababu hakuna mshahara wa kukata. SACCOS inachukua akiba yako yote kufidia, na bado zinabaki 3,800,000. Hizo wanaulizwa waliokusainia. Nimewaona wadhamini wakikatwa mishahara kwa deni la mtu aliyekwisha kuhama mji. Wale watu wana watoto kama wewe, na walikusainia wakijua utakuwepo.

Sasa angalia ulipo leo bila kuongeza chochote. 2,600,000 toa 1,900,000, ni 700,000. Hicho ndicho kiasi ambacho akiba yako haikifuniki. Ukikishusha mpaka sifuri kabla ya kutoka, wadhamini wako wanalala usingizi, hata kama deni lenyewe halijaisha.

Kabla ya kuandika barua kwa mwajiri, nenda kwa meneja wa SACCOS ukasome masharti ya chama. Vyama vingine uanachama unakwisha na ajira, vingine vinakuruhusu kubaki na kulipa mwenyewe benki au kwa simu. Jibu la hapo linabadilisha mpango wote, na ulipate kwa maandishi.

Jambo jingine, usihesabu fedha ambazo hazipo. Kiinua mgongo cha kisheria, ile mishahara ya siku saba kwa kila mwaka uliotimia, ni cha aliyeachishwa kazi. Anayeacha mwenyewe hakidai. Fao la kukosa ajira la NSSF ni vivyo hivyo. Na kwa anayelipwa kwa mwezi, notisi ni siku 28. Ukiruka bila notisi mwajiri anaweza kukukata mshahara wa notisi kwenye stahiki zako za mwisho.

MamaSare_Moro

Mdogo wangu, mimi nilitoka kiwanda cha nguo hapa Morogoro, sasa nashona sare za shule nyumbani na nina mabinti wawili wananisaidia. Kazi yangu ina msimu kama yako. Novemba mpaka Januari nashona mpaka usiku, kisha kuna miezi cherehani zinafunikwa shuka. Kwa hiyo nilipokusoma niliona nyumba yangu.

Umetuambia mshahara wako kamili, deni lako mpaka shilingi. Kitu kimoja hukukitaja, nacho ndicho ambacho ningetaka kukijua kwanza: nyumba yenu inakula shilingi ngapi kwa mwezi? Unga, mchele, mafuta, mkaa, LUKU, maji, nauli ya huyo wa sekondari, dawa, michango ya misiba na harusi. Mkae wewe na mkeo na daftari moja mwandike mwezi mzima, kila siku jioni. Mimi na mume wangu tulipoandika tulikuta nyumba inakula karibu mara moja na nusu ya tulivyokuwa tunadhani. Mpaka namba hiyo iwepo, huwezi kujua kama ufundi wako unatosha.

Ukishaipata, jaribu hivi. Juni na Julai, miezi yako mibaya, usiguse mshahara kabisa. Ukiingia tu, wote unakwenda SACCOS kama malipo ya ziada ya mkopo. Nyumba iishi kwa kazi zako za jioni na Jumapili. 410,000 mara mbili ni 820,000, na makato ya kawaida yanaendelea humo humo. Ile 700,000 ya Mzee Kamati inakuwa imekwisha kabla ya Agosti. Na utakuwa umeuona mwezi wa baridi kwa macho yako, wakati mshahara bado unatoka. Mkishindwa kabisa kula Juni, unachukua sehemu ya mshahara wa Julai, hakuna aliyeumia, na umejua unapungukiwa kiasi gani. Watu wengi wa kazi za msimu wanaacha ajira wakati biashara imechangamka, wanaona fedha ya Oktoba wanadhani ndiyo fedha ya mwaka. Wewe acha baada ya kuupita ubaya. Notisi Agosti, Septemba joto linakukuta uko huru kutwa nzima.

Jengine ni laini. Songesha na ndugu zake, ile mikopo ya papo hapo ya mitandao ya simu, ukishatumia, fedha yoyote inayoingia kwenye laini ile inakatwa kwanza. Mteja akikutumia 150,000 ya kompresa, inafika pungufu, na kompresa hujanunua. Chukua Lipa namba kwa ajili ya kazi, wateja wote walipe huko, na laini ya nyumbani ibaki ya nyumbani. Mimi Jumamosi najilipa. Kiasi kile kile kila wiki, mwezi mzuri na mwezi mbaya, nakihamisha kwenda kwenye matumizi ya nyumbani. Kinachozidi msimu wa sare nakipeleka UTT, ile mifuko ya uwekezaji wa pamoja, kwenye Mfuko wa Ukwasi. Kuanzia ni 100,000, kuongeza unaweza kuweka hata 10,000, na ukitaka kutoa ni siku tatu za kazi. Napenda hizo siku tatu. Zinanizuia kukimbilia fedha kwa sababu ya kitenge kizuri, lakini mtoto akirudishwa shule kwa mchango sichelewi sana.

Na genge la mkeo, tafadhali. Usiligeuze benki yako. Fundi anapungukiwa elfu thelathini ya gesi, anachukua kwenye mkebe wa genge, "nitarudisha jioni". Kesho yake mama hana mtaji wa kwenda soko la Majengo alfajiri, na nyumba imepoteza mguu wake wa pili. Ukikopa humo andika, na urudishe kama unavyorudisha SACCOS. Nadhani hata kukataa kwake anaogopa hili hili, ila hajalisema kwa maneno haya. Muulize.

FundiBaridi_Dom

Asanteni sana, nimesoma mara nyingi. Hesabu ya 700,000 sikuwahi kuiona hivyo, nilikuwa naangalia 2,600,000 nzima inanitisha.

Nimemsomea mke wangu. Alipofika pale pa mkebe wa genge akaniambia, "Huyo mama anatujua." Tumeanza daftari jana.

Maswali mawili. Kwanza, kuna ofisi moja ya serikali imenidokeza kwamba nikiwa na kampuni yangu wanaweza kunipa kazi ya kusafisha AC zao zote. Hiyo si ingetosha kuendesha nyumba? Pili, nikibanwa na fedha ya vifaa katikati ya kazi, mikopo ya mtandaoni hii ya programu za simu inafaa hata kwa wiki moja?

Mhasibu_Mstaafu

La ofisi nitakujibu kwa kuwa nililipa mafundi wengi nikiwa kazini. Kazi ni nzuri na malipo yapo, lakini hayaji siku unayomaliza. Unapewa oda ya maandishi, unafanya, unapeleka ankara, inazunguka meza kwa meza. Miezi miwili au mitatu kupita ni jambo la kawaida, na mwisho wa mwaka wa fedha mwezi Juni ukikukuta katikati, unaweza kusubiri zaidi. Watataka TIN (namba ya mlipakodi), risiti ya mashine ya EFD, uwe umejisajili kwenye mfumo wa manunuzi wa NeST, na kwenye huduma watazuia kodi asilimia 5 kabla ya kukulipa. Anza usajili sasa. TIN hutolewa bure, jina la biashara BRELA ni 20,000. Lakini chakula cha nyumbani kitegemee mabucha, baa na nyumba za watu wanaolipa siku hiyo hiyo. Fedha ya ofisi ikija, iwe ya kununulia vifaa na kujaza akiba.

La mikopo ya programu, hapana, hata kwa wiki. Novemba 2024 Benki Kuu ilitaja majukwaa 69 yaliyokuwa yanakopesha mtandaoni bila leseni. Watu walikuwa wanapigiwa simu mpaka wakwe zao. Mkopeshaji mdogo mwenye leseni ana kikomo cha riba cha asilimia 3.5 kwa mwezi. Anayekutajia asilimia 20 au 30 ni kausha damu, hata akiwa na ofisi yenye kiyoyozi. Kwa vifaa vya mteja, chukua malipo ya awali yanayotosha kununua kifaa, wewe ubaki kudai ufundi tu. Na mkiwa kikundi, ulizia kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata yenu ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Haina riba. Ilisimamishwa 2023, ikarudi 2024. Kwa genge la mkeo na wenzake wa VICOBA naona ina nafasi nzuri kuliko kwako.

FundiBaridi_Dom

Nimeelewa. Basi SACCOS nakwenda Jumatatu kusoma masharti, Juni na Julai tunafanya jaribio, na mkopo wa nyongeza nimeuacha. Wadhamini wangu nitawaambia mwenyewe kabla hawajasikia kwa watu. Kilichobaki ni fremu. Mwenye nyumba anasema kuna mtu mwingine anaitaka, niweke hata nusu.

MamaSare_Moro

Mwache huyo mtu mwingine aichukue. Fundi wa AC anafuatwa kwenye fremu kufanya nini? AC iko ukutani kwa mteja, wewe ndiye unayekwenda. Friji za kubeba zifanyie kazi hapo hapo nyumbani, umeezeka juzi tu. 480,000 ya kodi ongezea kidogo ununue vakyumu pampu yako mwenyewe, maana siku anayekuazima akiwa na kazi naye, wewe huna kazi. Fremu tutaizungumza tena mwakani baada ya msimu wa joto, ukiwa na daftari la mwaka mzima.

Na ukienda SACCOS Jumatatu, uliza kama malipo ya ziada yanapunguza riba iliyobaki au wanaipokea tu kama marejesho ya mbele. Utuandikie walichokujibu, kuna wengi humu wana mikopo ya namna hiyo.