Nimekwama masjala, fildi inaelekea ukingoni. Naombeni ushauri

Habari zenu wakuu. Nasoma uhasibu mwaka wa pili, na nipo fildi ya wiki nane kwenye wizara moja hapa Mji wa Serikali, Mtumba, Dodoma. Hii ni wiki ya tano.

Siku niliyoripoti na barua ya chuo niliambiwa uhasibu wamejaa, nisubiri masjala (ofisi ya kutunza majalada na barua) "kwa siku mbili tatu". Hadi leo nafungua majalada, naandika namba za folio (za karatasi ndani ya jalada), nasajili barua zinazoingia na kubeba madokezo kwenda kwa wakurugenzi. Sikatai, nimejifunza. Sasa najua kwa nini barua ya mtu inaweza kukaa mwezi mzima bila majibu, na tofauti ya masjala ya wazi na ya siri (hiyo ya pili naishia mlangoni).

Tatizo ni kitabu cha kumbukumbu. Msimamizi wa chuo anakuja wiki ijayo, na anategemea kukuta hati za malipo, usuluhishi wa benki, mfumo wa malipo ya serikali wa MUSE. Mimi nina folio tu. Mwenzangu ananishauri nijaze vya kubuni, eti wote hufanya hivyo. Naogopa nikiulizwa swali moja tu nitaumbuka.

Mama wa masjala ananipenda kama mwanawe, sitaki aone namkimbia. Je, nimfuate mhasibu mkuu mwenyewe, nipitie kwa afisa utumishi aliyenipokea, au nimweleze msimamizi ukweli akifika? Waliopitia serikalini, mlifanyaje?