Gumzo la ukoo: kitasa cha DX

*Jumamosi*

Zuhura: Asalaam alaykum jamani. Nani anamjua fundi wa vitasa vya gari hapa Tanga? Corolla DX ya baba, mlango wa dereva, ufunguo unazunguka bure. Naingilia upande wa abiria kila siku na mabaibui yangu haya 😩

Kaka Idi: Waalaykum salaam. Uza hiyo gari

Mama: Gari ya baba yenu haiuzwi.

Zuhura: Shikamoo mama. Gereji ya jirani wamesema kitasa kimekufa, ninunue kipya.

Mjomba: Usinunue kitu. Ile silinda ya kutia ufunguo, ukiisukuma kwa kidole inaingia ndani?

Zuhura: Shikamoo mjomba. Inaingia, na inacheza kama jino la mtoto.

Mjomba: Marahaba. Na kile kibonyezo cha ndani, cha juu karibu na kioo? Ukikibonya mlango unajifunga?

Zuhura: Unajifunga vizuri tu

Mjomba: Basi kitasa chenyewe kizima. Silinda imeshikwa kwa nyuma na klipu ya bati yenye umbo la U. Klipu imechomoka, kwa hiyo silinda inazunguka yote pamoja na ufunguo, na ule ufito wa kwenda kwenye kitasa hausukumwi.

Kaka Idi: Apige gundi ya chuma kwa nje yaishe

Mjomba: Halafu siku ya kuitoa akate bati? Gundi kapigie viatu vyako.

Shangazi: Wenye magari, mchango wa kesho wengi hamjatuma.

Zuhura: Natuma jioni shangazi 🙏 Mjomba, naufunguaje mlango? Bisibisi ninazo.

Mjomba: Pandisha kioo hadi juu kwanza. Toa skrubu za pedi ya kuegemeza mkono na za kishikio cha ndani. Mkono wa kupandishia kioo hauna skrubu, usiulazimishe. Pitisha kitambaa nyuma yake, kivute huku na huku, klipu yake itaruka. Uangalie inakoangukia!

Mjomba: Ubao wa mlango umeshikwa na vipini pembeni, ubandue taratibu. Nyuma yake kuna nailoni, usiichane. Hiyo ndiyo inayozuia maji ya mvua yasiingie miguuni.

Zuhura: 📷 Nimeiona klipu! Iko chini kabisa ndani ya mlango, ina kutu

Mjomba: Isugue, ibane kidogo kwa plaizi ipate kushika, uirudishe kwenye mfereji wa silinda. Na kile kiplastiki kinachoshika ncha ya ufito kiko wapi?

Zuhura: Kimekatika nusu

Mjomba: Hicho ndicho cha kununua, basi. Kitafute kwa wauza milango ya magari mabovu. Usifunge kwa waya, utakwama katikati ya safari.

Kaka Idi: Mjomba na Noah yangu mlango unagongagonga kwenye rasta. Klipu hiyo hiyo?

Mjomba: Hapana. Fungua mlango nusu, uinue kwa mikono miwili. Ukipanda na kushuka, ni bawaba. Ukitulia, angalia kile chuma cha kwenye nguzo ambacho mlango unang'ata. Skrubu zake hulegea. Kabla hujazigusa chora alama kukizunguka, usije ukapoteza mahali pake.

*Jumapili*

Zuhura: Kiplastiki nimepata, nimerudisha kila kitu. Nifunge mlango nijaribu?

Mjomba: USIFUNGE! Mlango ukiwa wazi, sukuma ulimi wa kitasa kwa bisibisi mpaka ushike. Funga na ufungue kwa ufunguo, halafu vuta mkono wa nje. Ulimi ukiachia, sawa. Ukifunga mlango na kuna ufito umechomoka, utaufungua na nani?

Zuhura: Umeachia 🎉 Nimerudia na ufunguo, sawa kabisa

Mjomba: Haya, grisi kidogo kwenye ulimi, ubandike nailoni, ndipo urudishe ubao.

Kaka Idi: Mjomba, nimeuinua. Unapanda na kushuka

Mjomba: Bawaba hizo. Wewe sasa ndiyo wa kwenda kwa fundi.